Ibn Sina: Bingwa wa mitishamba aliyezidishiwa dozi

UKITOKA Garissa mjini ukaufuata mto Tana kuelekea juu, utapita Sankuri kabla hujafika Balambala. Karibu na maji kuna kijani. Ukiuacha mto nyuma ni nyika tu, vichaka vya miiba na miti mifupi ambayo ukiikwaruza gome inatoa utomvu. Jamii ya miti ya aina hiyo ndiyo inayotoa malmal, kama Wasomali wanavyouita utomvu huo, au manemane kwa Kiswahili. Muulize ayeyo yeyote wa huko, yaani nyanya, atakwambia ni ya kazi gani: kidonda, fizi zinazouma, kusukutua mdomo. Atakwambia pia kwamba ni chungu ajabu na hailiwi kama peremende.

Kijana wa Balambala aliyehamia Eastleigh anaikuta malmal hiyo hiyo dukani, imefungwa kwenye nailoni, imepangwa na habasoda, shubiri na unga mwingine ambao hata haukuandikwa jina. Ayeyo hayupo hapo. Kipimo anaambiwa na muuzaji, au anakitafuta kwenye simu.

Sasa, kuna mtu aliyeandika kuhusu malmal, habasoda na shubiri miaka elfu moja iliyopita, na maisha yake ni kama filamu. Jina lake Abu Ali Ibn Sina. Wazungu walimwita Avicenna. Wengi wetu tumelisikia jina madrasa au tumeliona kwenye mabango ya zahanati, basi, tukapita. Maisha yake tunayajua vizuri kuliko ya watu wengi wa enzi zake kwa sababu mwenyewe alimsimulia mwanafunzi wake, al-Juzjani, habari za ujana wake, naye mwanafunzi akamalizia yaliyobaki.

Alizaliwa mwaka wa 980 katika kijiji cha Afshana, karibu na Bukhara, nchi ambayo leo ni Uzbekistan. Baba alikuwa mtumishi wa serikali. Kufikia umri wa miaka kumi alikuwa amehitimu Kurani. Hesabu za Kihindi alifundishwa na muuza mboga. Naam, muuza mboga. Baba alimpeleka kwa yule bwana kwa kuwa ndiye aliyezijua, hakuna aliyeuliza cheti.

Falsafa ndiyo ilimtoa jasho. Kitabu kimoja cha Aristotle alikisoma mara 40 hadi akakikariri chote, na bado hakuelewa kinasema nini. Siku moja sokoni muuza vitabu akamlazimisha anunue kitabu cha al-Farabi kwa dirham tatu tu, kwa vile mwenyewe alikuwa na shida ya pesa. Akakinunua shingo upande, akaenda nacho nyumbani, usiku huohuo mambo yakafunguka. Kesho yake alitoa sadaka kwa maskini kwa furaha.

Utabibu, kwa maneno yake, haukuwa somo gumu. (Hapa wanafunzi wa udaktari mnaruhusiwa kukasirika.) Akiwa na miaka 16 hivi tayari madaktari wakubwa walikuwa wanakuja kusoma kwake, naye anatibu wagonjwa na kuona kwa macho yake dawa ipi inafanya kazi. Halafu mtawala wa Bukhara, Nuh bin Mansur, akaugua. Kijana akaitwa kuungana na matabibu wa ikulu, akashiriki kumtibu, na akaomba aruhusiwe kuingia kwenye maktaba ya mfalme. Chumba baada ya chumba, masanduku ya vitabu yamepangwa kwa mada. Alivimaliza, na kufikia miaka 18 alihisi elimu zote ameshazipitia.

Baada ya hapo utulivu ukaisha. Baba alifariki, utawala wa Bukhara ukaanguka, naye akaanza maisha ya kuhama mji hadi mji akitafuta kazi na kukwepa watawala waliotaka kumtia mkononi. Inasimuliwa kwamba Sultan Mahmud wa Ghazni alimtaka kwa nguvu, Ibn Sina akatoroka kupitia jangwani, na rafiki aliyekuwa naye akafia njiani. Alipofika Jurjan, karibu na bahari ya Kaspi, ndipo alipokutana na al-Juzjani. Na huko ndiko alikoanza kuandika kile kitabu.

Al-Qanun fi al-Tibb ni vitabu vitano ndani ya kimoja. Cha pili ndicho kinachotuhusu: dawa moja moja, mamia yake, nyingi zikiwa mimea. Humo utakuta manemane kwa vidonda, fizi na harufu ya mdomo. Habasoda imekaangwa, imefungwa kwenye kitambaa, inanuswa na mwenye mafua. Ukiwa na nyanya wa Kisomali au wa Lamu labda umeshanusishwa. Utakuta shubiri, na anasema iliyo bora ni ya Socotra, kisiwa kilicho hapa kwetu kwenye mlango wa Bahari ya Hindi, mkabala na Pembe ya Afrika. Yaani mtu wa Bukhara, maelfu ya kilomita, alijua bidhaa nzuri inatoka upande gani.

Lakini mimi sioni kwamba orodha ya mimea ndiyo kazi yake kubwa. Orodha zilikuwepo kabla yake, Wagiriki walikuwa nazo, na ayeyo anayo kichwani. Kubwa ni masharti aliyoyaweka kabla hujasema kwamba mmea fulani ni dawa. Dawa iwe safi, isiwe imeharibika au kuchanganywa. Ijaribiwe kwa mgonjwa mwenye ugonjwa mmoja, si magonjwa matatu kwa wakati mmoja, maana hutajua ilitibu lipi. Nguvu yake ilingane na nguvu ya ugonjwa. Uangalie inaanza kufanya kazi lini. Matokeo yajirudie kwa watu wengi, la sivyo huenda ni bahati tu. Na ijaribiwe kwa binadamu, kwa sababu kinachomfaa farasi au simba si lazima kikufae wewe. Fikiria hayo yaliandikwa karne ya 11, halafu fungua simu yako uone ile video ya mtu mmoja aliyepona kila kitu kwa kijiko kimoja.

Tena hakuwa mtu wa kukimbilia dawa. Kwake utabibu ulikuwa kwanza kuilinda afya ya mtu mzima, kisha ndiyo kuirudisha ikipotea. Katika kuilinda, mazoezi aliyaweka mbele, kisha chakula, kisha usingizi. Watu wa gym, huyu ni wenu. Al-Juzjani anasimulia mwanamke mmoja mwenye ugonjwa wa mapafu ambaye Ibn Sina alimkataza dawa zote isipokuwa mawaridi yaliyosindikwa kwa sukari, akala kwa wingi mno hadi akapona. Na yeye mwenyewe siku alipoumwa kichwa vibaya alipondaponda barafu, akaifunga kwenye kitambaa, akajiwekea kichwani.

Ni huyo huyo, hata hivyo, aliyeandika wazi kwamba manemane huweza kuiharibu mimba. Mmea mmoja, kurasa zilezile, faida na hatari. Hadi leo wahudumu wa afya huwaonya wajawazito wasimeze manemane wala ule utomvu mchungu wa shubiri, na ni jambo ambalo karatasi ya nailoni haikuambii.

Turudi kwa mwenyewe, ambaye wakati huo alikuwa Hamadan, nchi ya Iran ya leo. Mtawala wa pale, Shams al-Dawla, alikuwa akisumbuliwa na msokoto wa tumbo. Ibn Sina alimtibu, akapewa uwaziri. Wanajeshi hawakumpenda. Walimvamia, wakapora nyumba yake na kudai auawe. Akajificha siku 40 kwa rafiki, mpaka tumbo la mtawala lilipouma tena, akaitwa, akaombwa radhi na kurudishiwa cheo. Siasa za kaunti zisikushangaze.

Shams al-Dawla alipofariki mwaka wa 1021, Ibn Sina alikataa kumtumikia mrithi wake, akajificha tena. Safari hii alijificha nyumbani kwa muuza dawa. Akiwa kule mafichoni, bila kitabu cha kunakili, alikuwa akiandika kurasa 50 kwa siku. Mwishowe walimkamata wakamfunga miezi minne katika ngome ya Fardajan. Huko gerezani akaandika, miongoni mwa mengine, kitabu kuhusu msokoto wa tumbo.

Alipotoka alitoroka Hamadan akiwa amevaa nguo za masufi, yeye, al-Juzjani, ndugu yake na watumwa wawili, hadi Isfahan. Mtawala wa huko, Ala al-Dawla, alimpokea kwa heshima na akakaa naye miaka yake yote iliyobaki. Alifanya kazi kupita kiasi, mchana kwa mtawala, usiku kwa vitabu na starehe, na mwanafunzi wake hafichi kwamba mwili ulianza kuchoka.

Wakiwa kwenye msafara wa kivita, ule ugonjwa alioutibu kwa wengine na kuuandikia kitabu ukamshika yeye. Msokoto wa tumbo. Jeshi lilikuwa linarudi nyuma na aliogopa kuachwa njiani akiwa mgonjwa, kwa hiyo akataka kupona haraka. Akajitia dawa kwa njia ya haja kubwa mara nane kwa siku moja. Utumbo ukapata vidonda, akaanza kuanguka degedege.

Aliagiza atengenezewe dawa nyingine ya kutoa gesi, yenye danaq mbili za mbegu za seleri. Danaq ni sehemu ya sita ya dirham, kwa hiyo mbili ni theluthi ya dirham, kama gramu moja tu. Tabibu aliyekuwa akimhudumia akatia dirham tano. Piga hesabu: mara 15 ya kile alichoagiza. Mbegu za seleri, si sumu ya nyoka, kitu watu wanatia kwenye supu. Vidonda vya tumbo vikazidi. Kwa ajili ya degedege alikuwa anatumia mchanganyiko wa dawa nyingi, na mtumwa wake mmoja akaujaza afyuni, kwa sababu wao walikuwa wameiba pesa nyingi kwenye hazina yake na waliogopa atapona awaulize.

Alibebwa hadi Isfahan akiwa hawezi hata kusimama. Akajitibu, akapata nafuu ya kutembea, akarejea kazini kabla ya wakati, ugonjwa ukarudi. Ala al-Dawla alipokwenda Hamadan alikwenda naye, na njiani hali ikawa mbaya tena. Walipofika alijua mwili hauna nguvu ya kupambana, akaacha dawa zote.

Alifariki Ramadhani ya mwaka wa 1037, akiwa na miaka 57, akazikwa Hamadan, ambako kaburi lake lipo hadi leo. Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kilatini karne ya 12 huko Toledo na kikafundishwa katika vyuo vya Ulaya kwa mamia ya miaka. Kuhusu zile dirham tano za mbegu, al-Juzjani aliandika kwamba hakuwa karibu naye wakati huo, na kwamba hajui kama yule tabibu alikosea au alikusudia.