Maisha ya Sheikh Uways bin Muhammad, Mtungaji wa Kasida wa Barawa

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo, hii ni khabari ya Sheikh Uways bin Muhammad, mtu wa Barawa, mtungaji wa kasida na khalifa wa tarika ya Kadiria, ambaye nyiradi zake zilisomwa kutoka Banadiri hata Unguja, na kutoka pwani hata bara ya mbali. Maisha yake yanafaa kusomwa kwa sababu mbili. Ya kwanza, aliwapelekea dini watu ambao wanavyuoni wengi wa zama zake hawakuwa na nafasi nao: wakulima, watumwa na walioachwa huru, na kila asiyejua kusoma. Ya pili, aliuawa kwa mkono wa Waislamu wenzake, kwa sababu ya jambo ambalo lilistahili kuamuliwa kwa hoja.

Alizaliwa Barawa mwaka 1847, sawa na mwaka 1263 wa Hijra. Mji huo uko pwani ya Banadiri, kusini ya Mogadishu na kaskazini ya Kismayu, na zama zile ulikuwa chini ya bendera ya Sultani wa Unguja. Watu wake ni wa makabila mengi waliochanganyika, na lugha yao ya nyumbani ni Chimini, ambayo ni ndugu wa Kiswahili, ijapokuwa bara iliyo nyuma ya mji husemwa Kisomali. Vyombo vya Barawa vilikuwa vikienda na pepo za musimu hata Lamu, Mombasa na Unguja, vikichukua ngozi na nafaka. Na pamoja na bidhaa vilichukua watu na vitabu na khabari.

Nyumba aliyozaliwa haikuwa nyumba ya mali wala ya utawala. Jamaa zake walikuwa katika Watuni, na hapana katika ukoo wake jina lililomfungulia mlango wa masultani. Alichopata alikipata kwa elimu. Alisoma Kurani, na tafsiri, na nahau, na fikihi, hata akaingia kwa Sheikh Muhammad Tayini al-Shashi. Huyu ndiye aliyemfungulia mlango wa tasawufi, akampa mafunzo ya mwanzo ya tarika ya Kadiria.

Lakini kijana hakutosheka na maji ya mtoni; alitamani chemchemi. Basi karibu na mwaka 1870 alisafiri kwenda Baghdad, mji lilipo kaburi la Sheikh Abdulkadir Jilani, aliyefariki mwaka 561 wa Hijra, yaani mwaka 1166, na ambaye tarika hii imeitwa kwa jina lake. Huko alisoma mbele ya Sayyid Mustafa bin Salman, wa kizazi cha Sheikh Abdulkadir mwenyewe, akapata kwake ijaza ya kufundisha na kuwapa wengine nyiradi. Alikwenda pia Makka kuhiji, na Madina kumzuru Mtume. Katika kurejea alipita bara ya Wasomali wa kaskazini, akafika Qulunqul katika nchi ya Ogaden, alikokaa Sheikh Abdurrahman Zaylai. Mzee huyu alikuwa mwanachuoni mkubwa na mtungaji wa kasida mashuhuri, na alifariki mwaka 1882. Sheikh Uways alipata baraka na ijaza yake, akawa ameshika kamba mbili za tarika moja, ya Baghdad na ya bara ya Wasomali.

Mwaka 1883 alirudi Barawa, na tangu hapo jina lake lilianza kukua. Wanavyuoni wenye elimu kubwa walikuwako tayari katika miji yote ya pwani. Jambo lililomtenga Sheikh Uways na wengi wao lilikuwa namna ya kuifikisha elimu hiyo. Zama zile darasa nyingi za pwani zilisomwa kwa vitabu vya Kiarabu, na aliyeketi karibu na sheikh alikuwa ni yule ambaye baba yake alikuwa na nafasi ya kumwacha asome miaka kumi bila ya kufanya kazi. Mkulima, mvuvi, hamali na mtumwa walisali nyuma, wakasikia wasilolifahamu, wakarudi kazini kwao.

Sheikh Uways alitunga kwa Kiarabu, na kasida zake za Kiarabu zilikubaliwa na wajuzi wa lugha. Lakini alitunga na kwa Kisomali pia, akikiandika kwa herufi za Kiarabu, ili mtu wa bara asiye na chuo aelewe anachokisema anapomsifu Mtume au anapomwomba Mola wake. Aliyaweka maneno katika mizani nyepesi inayorudi, yenye kiitikio ambacho mtu hukishika kwa kukisikia mara mbili au tatu. Kisha aliyatia katika zikri. Watu husimama duara, mmoja mwenye sauti akaongoza, na wengine wakaitikia kwa pamoja. Miili yote ikainama na kuinuka kwa pumzi moja, na sauti ikatoka kifuani. Katika duara hiyo bwana na mtumwa husimama bega kwa bega, na asiyejua alifu wala be huweza kuitikia sawasawa na aliyekhitimu.

Wapokezi wa khabari zake wanasimulia kisa cha Mogadishu. Katika mji huo ilikuwako ngoma iliyoitwa manyasi, na watu waliipenda hata wakuu wa mji na masheikh wakaona kuwa inaharibu heshima na ibada, nao wakashindwa kuizuia. Wakampelekea Sheikh Uways aje Mogadishu awasaidie. Naye alikuja, na watu wakaiacha ngoma ile wakaingia katika zikri. Atakayekizingatia kisa hiki ataona siri ya kazi yake: watu wanaopenda sauti na kukusanyika hawakuambiwa wanyamaze na kutawanyika tu, bali walipewa la kuimba lililo jema kuliko lile la kwanza.

Sifa yake ilivuka bahari ikafika Unguja. Alikwenda huko katika miaka ya 1880, zama za Sayyid Barghash bin Said, akapokewa kwa heshima. Na wakati wa Sayyid Khalifa bin Said na Sayyid Hamid bin Thuwaini uhusiano wake na wakuu wa Unguja uliendelea kuwa mwema. Unguja ya siku hizo haikuwa ngeni kwa Wabarawa, kwani Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi, aliyekuwa kadhi mkubwa huko, asili yake alikuwa mtu wa Barawa naye.

Lakini yafaa kutazama hali ya wakati ule. Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa, na utumwa wenyewe ulibakia hata amri ya mwaka 1897. Katika miaka hiyo maelfu ya watu walikuwa katikati: wametoka katika milki ya mabwana, na bado hawajaingia katika udugu wa mji. Walikuwa Waislamu, walakini mtu hakuwauliza khabari ya elimu yao. Tarika ya Kadiria iliwafungulia mlango. Mtu aliweza kuchukua ahadi, akawa muridi, akajulikana kwa uradi wake na adabu yake. Na wako waliopanda hata wakawa makhalifa. Si Sheikh Uways peke yake aliyeifanya kazi hiyo. Kulikuwako silsila nyingine za Kadiria, na upande wa Komoro Sheikh Muhammad Maaruf alikuwa akiieneza Shadhilia. Walakini tawi la Sheikh Uways lilipata nguvu hata likaitwa kwa jina lake, Uwaysia.

Kutoka pwani njia ilikwenda bara. Karibu na mwaka 1894 Sheikh Zahur bin Muhammad, naye mtu wa Barawa, aliipeleka Kadiria mjini Tabora. Tabora ndiyo iliyokuwa njia panda ya misafara. Njia ya magharibi ilikwenda Ujiji na kuvuka ziwa hata Manyema. Na njia ya kaskazini ilikwenda Karagwe, ambako wafanya biashara wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, na kutoka huko hata Buganda. Katika njia hizo vitabu vilikuwa vichache, na mvua na mchwa viliviharibu upesi. Aliyehifadhi kasida na uradi hakuhitaji mpagazi wa kumchukulia. Alilala nayo kambini na kuamka nayo, na popote walipokutana watu watatu waliijua, zikri ilisimama.

Pamoja na hayo yote Sheikh Uways hakufanya mji kuwa makao yake ya mwisho. Aliingia bara, kaskazini ya Barawa, baina ya mto Juba na mto Shabelle, akajenga mahali paitwapo Biyoley. Hapo paliwekwa jamaa ya dini, yaani kijiji cha watu waliokusanyika kwa ibada na kwa jembe. Walilima pamoja, wakasali pamoja, wakasomesha watoto. Katika bara ile mtu asiye na kabila la kumlinda alikuwa hana ardhi wala kisima, na aliyetoroka utumwani alikuwa windo la kila mtu. Vijiji vya namna hii vya masheikh vilikuwa kimbilio la watu hao. Aliyeingia alikuwa ndugu, akapewa pa kulima. Kwa hiyo udugu ulioimbwa katika zikri ulionekana kwa macho katika shamba. Mwenye njaa hashibi kwa kasida, na Sheikh alilifahamu hilo vizuri.

Sasa tuje kwenye khitilafu iliyomletea mauti. Makka palitokea Sheikh Muhammad bin Salih, na tarika yake ikaitwa Salihia. Aliyeisimamia katika nchi ya Wasomali alikuwa Sayyid Muhammad bin Abdullah Hassan, ambaye tangu mwaka 1899 alipigana na Waingereza, na Wahabeshi, na Wataliani pia, hata alipokufa mwaka 1920. Alikuwa mtu shujaa, na katika mashairi ya Kisomali hapakuwa na wengi wa kulingana naye. Watu wake waliwapinga Kadiria katika mambo mawili. Jambo la kwanza lilikuwa la dini: walikataa mtu kutawasali kwa mawalii waliokufa na kutegemea makaburi yao, wakiona kuwa hayo yanaharibu tauhidi. La pili lilikuwa la dunia: waliona kuwa masheikh wa Kadiria hawakusimama nao katika vita vya kuwafukuza Wazungu, hali Wataliani walikuwa wamekwisha kuishika miji ya Banadiri, na mwaka 1905 serikali yao ikaitawala yenyewe.

Sheikh Uways alijibu kwa silaha aliyoijua. Alitunga kasida za Kiarabu akiitetea tawasuli na kuwalaumu Salihia, hasa kwa kuwa walihalalisha damu na mali za Waislamu wasiokubaliana nao. Maneno yalikuwa makali pande zote mbili, na hapana haja ya kuyafunika. Mpaka hapo yalikuwa ni mashairi kwa mashairi, jambo ambalo watu wa pwani wamelizoea tangu kale, kwani washairi wa Mombasa na Lamu nao walijibizana hata wakati wa vita. Lakini safari hii jambo halikuishia katika karatasi.

Mwezi wa Mfungo Sita mwaka 1327, yaani Aprili 1909, ndio mwezi ambao Waislamu husoma maulidi ya Mtume, watu wa Sayyid Muhammad walikishambulia kijiji cha Biyoley. Sheikh Uways aliuawa, na pamoja naye wakauawa wanafunzi wake wengi. Umri wake ulikuwa miaka sitini na kitu. Hakuwa na jeshi, na kijiji chake kilikuwa cha wakulima na wasomaji.

Waliodhani kuwa kwa kumwua watainyamazisha kasida yake walikosea hesabu. Alizikwa Biyoley, na watu wakawa wakija kila mwaka kumzuru na kusoma nyiradi zake. Makhalifa wake walikuwa wamekwisha kutawanyika bara na pwani, na kila mmoja alikuwa na duara yake. Sheikh Kasim bin Muhyiddin wa Barawa alizikusanya kasida za masheikh wa Kadiria katika kitabu kilichopigwa chapa Cairo. Na khabari za maisha yake na karama zake zilikusanywa na Sheikh Abdurrahman bin Umar katika kitabu kingine, nacho kikapigwa chapa huko huko mwaka 1964. Katika Barawa yenyewe utungaji haukuwa kazi ya wanaume peke yao. Bibi mcha Mungu aliyejulikana kwa jina la Dada Masiti, aliyeishi zama zile zile na kuifuata Kadiria, alitunga mashairi ya dini kwa Chimini ambayo watu wa mji wameyahifadhi kwa vizazi.

Khitilafu ya tawasuli na zikri haikwisha kwa damu ya Biyoley. Wanavyuoni wameendelea kuijadili, wengine wakikubali na wengine wakikataa, na kila upande una vitabu vyake. Lakini katika mambo mawili ya Sheikh huyu hata wapinzani wa zikri hawana la kusema. La kwanza ni kuwa aliwafundisha wasiofundishwa, kwa lugha waliyoifahamu, bila ya kuwadai ukoo wala mali. La pili ni kuwa aliwapa ardhi na udugu wale ambao dunia ya wakati wake iliwanyima vyote viwili. Na jambo la tatu ni onyo kwa wote: Muislamu akikosea katika kauli hujibiwa kwa kauli, na kitabu hujibiwa kwa kitabu.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Uways bin Muhammad na wote waliouawa pamoja naye, na awasamehe waliotangulia katika khitilafu zao, na azipatanishe nyoyo za waliobaki. Amin.