Santiago Ramón y Cajal: Mhispania aliyeonyesha njia ya ujumbe ndani ya ubongo

Elimu ya leo kuhusu ubongo imesimama juu ya jambo moja ambalo sasa huonekana la kawaida. Ubongo umeundwa na seli nyingi zilizo mbalimbali, kila moja ina mipaka yake, na ujumbe hupita kutoka seli hii hadi ile kwa kufuata mwelekeo maalumu. Mwishoni mwa karne ya 19, wanazuoni wengi wa Ulaya waliamini kinyume cha hayo. Aliyewafanya wabadili fikra hakutoka katika vyuo mashuhuri vya Berlin, Paris wala London. Alikuwa mwalimu wa udaktari kutoka Hispania, nchi ambayo wakati huo haikuhesabiwa miongoni mwa vinara wa sayansi, na aliandika kwa lugha ambayo wataalamu wachache sana wa fani yake waliweza kuisoma.

Santiago Ramón y Cajal alizaliwa tarehe 1 Mei mwaka 1852 katika kijiji cha Petilla de Aragón, kaskazini mwa Hispania. Baba yake, Justo Ramón, alitoka katika familia ya wakulima. Alianza maisha kwa kumtumikia kinyozi aliyefanya pia kazi ya kupasua majipu na kufunga vidonda, kisha akajisomesha kwa taabu nyingi hadi akawa daktari. Mtu aliyepanda ngazi kwa jasho lake hakuwa tayari kumwona mwanawe akipoteza wakati, na kwake kuchora kulikuwa upotezaji wa wakati.

Santiago naye alipenda kuchora kuliko kitu kingine chochote. Alichora kutani, pembezoni mwa vitabu na kwenye kila kipande cha karatasi alichokipata. Shuleni alijulikana kwa utundu. Alipokuwa na umri wa miaka 11 alitengeneza mzinga wa mbao, akaulipua na kuvunja lango la jirani, akawekwa mahabusu kwa siku kadhaa. Baba alimpeleka akajifunze kazi kwa kinyozi, kisha kwa fundi viatu, akitumaini kwamba kazi ya mikono ingemtuliza.

Mambo yalibadilika katika kiangazi cha mwaka 1868. Baba alimchukua kijana hadi kwenye makaburi ya zamani, wakakusanya mifupa ya binadamu iliyokuwa imetupwa huko, na akaanza kumfundisha umbo la mwili kwa kutumia mifupa hiyo. Kijana aliichora mifupa yote. Ugomvi wa miaka mingi ukapata suluhu ambayo hakuna aliyeitarajia, kwani penseli iliyokuwa ikichukiwa nyumbani iligeuka kuwa chombo cha elimu ya tiba. Mwaka 1873 Cajal alihitimu udaktari mjini Zaragoza.

Hakupewa nafasi ya kupumua. Aliandikishwa jeshini, na mwaka 1874 akapelekwa Kuba, ambako Hispania ilikuwa ikipigana na wananchi waliodai uhuru wao. Kambi aliyohudumia ilizungukwa na vinamasi, na daktari akawa mgonjwa kama wagonjwa wake. Malaria na kuhara vilimdhoofisha hadi akarudishwa nyumbani mwaka 1875 akiwa mifupa na ngozi. Sehemu ya mshahara aliouokoa huko aliitumia kununua hadubini yake ya kwanza.

Mwaka 1879 alimwoa Silveria Fañanás García. Ndoa hiyo ilijaliwa watoto wengi na kipato kidogo, na ni wajibu kukumbuka kwamba utafiti ulioleta sifa baadaye uliendeshwa ndani ya nyumba ambayo mama alihesabu kila senti ili mume apate kununua dawa za maabara. Baadaye Cajal akawa profesa wa anatomia mjini Valencia. Kipindupindu kilipozuka mwaka 1885 aliombwa kuuchunguza ugonjwa huo, na serikali ya jimbo la Zaragoza ikamshukuru kwa kumpa hadubini ya Zeiss. Kwa mara ya kwanza alikuwa na chombo kilicholingana na vile vya wataalamu wa Ujerumani.

Swali lililokuwa likiwasumbua wataalamu hao lilikuwa hili: ubongo umefumwaje? Tangu mwaka 1839 ilikuwa imekubalika kwamba viumbe hai vimeundwa kwa seli. Lakini ubongo ulionekana kuwa tofauti. Chini ya hadubini ilionekana misitu ya nyuzi zilizosokotana, na hakuna aliyeweza kusema uzi huu unaanzia wapi na ule unaishia wapi. Kutokana na hali hiyo ilizuka nadharia ya wavu. Kwa mujibu wake, nyuzi zote za ubongo zimeungana na kuwa kitu kimoja kisicho na mipaka, mithili ya mirija ya maji iliyounganishwa mji mzima.

Mwaka 1873 Mwitalia Camillo Golgi alivumbua njia ya kuondoa utata huo. Alikilowesha kipande cha ubongo katika dikromati ya potasiamu, kisha katika nitrati ya fedha. Seli chache tu, moja hapa na nyingine pale, zikageuka nyeusi kabisa pamoja na matawi yake, ilhali nyingine zote zikabaki bila rangi. Ilikuwa kana kwamba katika msitu mnene miti michache imepakwa masizi kuanzia mizizi hadi vilele, na mingine yote imefanywa isionekane. Hata hivyo, Golgi mwenyewe alipotazama picha hizo aliendelea kuamini wavu.

Cajal aliziona picha za namna hiyo mwaka 1887 mjini Madrid, alipoonyeshwa na daktari Luis Simarro. Mwaka huohuo alihamia Barcelona, na huko akajitumbukiza katika kazi. Aliacha hata mchezo wa sataranji alioupenda mno, kwa kuwa ulimla wakati. Kisha akafanya mambo mawili yaliyoleta tofauti kubwa. Kwanza, alikilowesha kila kipande mara mbili ili rangi ikolee. Pili, badala ya ubongo wa wanyama wakubwa, alichunguza ubongo wa vifaranga, wa wanyama wachanga na wa vijusi. Kama samaki anavyokunjwa angali mbichi, ndivyo ubongo ulivyokubali kusomwa ukiwa bado mchanga, kabla nyuzi zake hazijavikwa ala ya mafuta inayoizuia rangi kuingia.

Mwaka 1888 jibu lilijitokeza katika ubongo mdogo wa ndege, ule ulio upande wa kisogo. Cajal aliziona nyuzi zikifika hadi kwenye seli nyingine, zikiikumbatia kama mtambaazi unavyokumbatia mti, kisha zikaishia hapo. Hazikuungana nayo. Kila seli ilikuwa kitu kamili, yenye mwili, matawi mafupi na mkia mmoja mrefu ambao wataalamu huuita aksoni. Seli zilikaribiana sana, lakini hazikuwa kitu kimoja.

Kugundua ni jambo moja, kusikilizwa ni jambo lingine. Hapakuwa na jarida lililokuwa tayari kuchapisha kazi yake kwa kasi aliyoitaka, kwa hiyo Cajal alianzisha jarida lake na kuligharimia kwa fedha zake. Toleo la kwanza, la Mei 1888, lilichapishwa nakala 60 tu, na nyingi kati yake alizituma kwa wataalamu wa nchi za nje. Wengi hawakujibu. Kihispania hakikuwa lugha ya maabara za wakati ule, na maneno ya mtu asiyejulikana, yaliyoandikwa kwa lugha isiyosomwa, hayakuwa na uzito.

Cajal hakulalamika wala hakuiacha lugha yake. Alitafsiri baadhi ya kazi zake kwa Kifaransa, akafunga hadubini na vioo vyake, na Oktoba 1889 akasafiri kwa gharama zake hadi Berlin kwenye mkutano wa wanaanatomia wa Ujerumani. Huko aliweka vioo mezani na kuwaalika wakubwa wa fani waje watazame kwa macho yao. Miongoni mwa waliotazama alikuwa Albert von Kölliker, mzee aliyeheshimiwa na wote. Alichokiona kilimtosha. Kölliker aliachana na nadharia ya wavu, akawa mtetezi mkubwa wa Cajal, na inasimuliwa kwamba alijifunza Kihispania uzeeni ili amsome mgeni huyo bila mkalimani. Miaka miwili baadaye, mwaka 1891, Mjerumani Wilhelm von Waldeyer aliipa seli hiyo jina la nyuroni, na ndilo linalotumika hadi leo.

Mwaka huohuo wa 1891 Cajal alieleza jambo la pili, ambalo pengine ni kubwa kuliko la kwanza. Alipozichunguza seli za macho na za pua aliona kwamba matawi mafupi daima huelekea upande ambao habari za ulimwengu huingilia, na mkia mrefu huelekea ndani, kwenye ubongo. Akahitimisha kwamba ujumbe huingia kwenye nyuroni kupitia matawi na mwili, na hutoka kupitia mkia. Tangu hapo michoro yake ilianza kuwa na mishale midogo. Picha ya seli zilizokufa na kukaushwa kwenye kioo ikawa ramani ya mwendo.

Umuhimu wa mishale hiyo huonekana katika tendo la kila siku. Mtu akigusa sufuria ya moto, mkono hurudi nyuma kabla hata hajatambua kwamba ameungua. Ujumbe umetoka kwenye ngozi, umefika kwenye uti wa mgongo, umekabidhiwa nyuroni nyingine, na hizo zimeuamuru msuli wa mkono ujikunje. Laiti mfumo mzima ungekuwa wavu mmoja usio na mipaka, ingekuwa vigumu kueleza kwa nini mkono ndio ulioruka, wala si mguu au shingo. Lakini ikiwa nyuroni zimetengana, basi kila mahali zinapokutana pana lango. Langoni hapo ujumbe unaweza kuruhusiwa, kucheleweshwa au kuzuiwa. Mwaka 1897 Mwingereza Charles Sherrington aliliita lango hilo sinapsi. Tabia ya kiumbe, kuanzia kupepesa jicho hadi kujizuia kusema neno la hasira, hutegemea ni malango yapi yaliyofunguka na ni yapi yaliyofungwa.

Mwaka 1894 Cajal alialikwa London kutoa mhadhara mbele ya wanasayansi wa Jumuiya ya Kifalme. Hapo alitoa wazo lililowatangulia wenzake: kwamba kujifunza na kufanya mazoezi kunaweza kuyastawisha matawi ya nyuroni na kuimarisha miunganiko yake. Kwa mtazamo huo, mtu anayerudia kazi fulani kwa miaka mingi anaubadilisha ubongo wake mwenyewe.

Mwaka 1906 Tuzo ya Nobel ya tiba ilitolewa kwa watu wawili pamoja, Golgi na Cajal. Walikutana Stockholm mwezi Desemba, na hali haikuwa ya udugu. Golgi alitumia mhadhara wake kuishambulia nadharia ya nyuroni, huku mwenzake akisikiliza. Cajal alipopewa zamu yake alieleza ushahidi wake, na hakusahau kuisifu njia ya rangi ambayo bila hiyo asingeona lolote. Nyumbani alitakiwa awe waziri wa elimu, akakataa na kurudi kwenye hadubini.

Wakati ulimpa haki Cajal, ingawa haukumnyima Golgi kila kitu. Mwaka 1921 Otto Loewi, kwa kutumia mioyo ya vyura, alionyesha kwamba neva hupeleka amri yake kwa kutoa kemikali. Katika miaka ya 1950 hadubini ya elektroni iliufichua mwanya wenyewe kati ya nyuroni na nyuroni. Upana wake ni takriban nanomita 20, yaani milimita moja ikigawanywa mara milioni moja, sehemu 20 tu. Lakini katika miaka hiyohiyo ilibainika pia kwamba baadhi ya nyuroni hupitishiana umeme moja kwa moja, bila kungoja kemikali, na kwamba mishale ya Cajal ina mambo kadhaa yasiyoifuata.

Lipo jambo jingine ambalo lilimhuzunisha Cajal mwenyewe. Baada ya kuchunguza kwa miaka mingi jinsi neva zinavyoharibika na kuota upya, aliona kwamba katika ubongo na uti wa mgongo wa mtu mzima njia za neva zikikatika hazirudi kama zilivyokuwa. Aliwaachia wanasayansi wa baadaye kazi ya kuibadilisha hali hiyo, endapo itawezekana. Kazi hiyo haijamalizika. Hata hivyo, wazo lake la London limepata nguvu. Mgonjwa wa kiharusi anayefundishwa kuinua kijiko mara mia kwa siku hafufui nyuroni zilizokufa. Anazizoeza zilizosalia ziimarishe miunganiko yake na kubeba sehemu ya kazi iliyoachwa.

Santiago Ramón y Cajal alifariki dunia mjini Madrid tarehe 17 Oktoba mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 82. Aliacha wanafunzi walioendeleza kazi yake, miongoni mwao Pío del Río Hortega, aliyezitambua seli ndogo zinazoulinda ubongo. Aliacha pia maelfu ya michoro. Mwaka 2017 hazina ya kazi zake na za wanafunzi wake iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Mingi ya michoro hiyo bado huchapishwa katika vitabu vya udaktari, zaidi ya miaka 100 tangu ilipochorwa kwa mkono, kwa sababu seli zilizomo zinafanana kabisa na zile ambazo mashine za leo huzionyesha.