Bibi wa mahindi aliyechelewa kusikilizwa

Ninyi mnaovusha mahindi mpakani, leo nawaletea Barbara McClintock, aliyezaliwa Marekani mwaka 1902 na kusomea mimea Chuo Kikuu cha Cornell. Mwaka 1931, yeye na Harriet Creighton walithibitisha kwa hadubini kuwa chembe za uzazi zinapotengenezwa, kromosomu za baba na mama hubadilishana vipande. Sifa za punje zilipochanganyika upya, alama za kwenye kromosomu nazo zilikuwa zimehama. Hiyo ni sababu mojawapo ya watoto wa tumbo moja kutofanana.

Baadaye aligundua jeni zinazohamahama, lakini wengi walimpuuza. Hakuacha utafiti. Tuzo ya Nobel aliipata 1983, akiwa na miaka 81, alifariki 1992. Mie humkumbuka nionapo punje za rangi mbili kwenye hindi moja.