Isaac Newton Angekwambia Nini Kuhusu Kona ya Nithi?

Ukipanda mat kutoka Meru kwenda Embu, lazima upite Daraja la Nithi. Mteremko mkali, kona, kisha mto chini. Julai 2022 basi lilitumbukia hapo, watu zaidi ya 30 wakadedi. Na msee aliyetupa hesabu ya hiyo kona alizaliwa Uingereza mwaka wa 1642.

Isaac Newton hakumjua budake, alidedi kabla yeye azaliwe. Mathe akamtoa shule awe mkulima. Shamba ikamshinda, akarudishwa kwa vitabu. 1661 akaingia Cambridge. 1665 tauni ikafunga chuo, akarudi hao kupiga hesabu. Unakumbuka vile wewe ulikaa hao wakati wa Korona? 1687 akatoa kitabu chenye sheria tatu za mwendo.

Ya kwanza ni simpo: kitu kikiwa kwa mwendo kitaenda tu moja kwa moja, mpaka nguvu ya nje ikigeuze ama ikisimamishe. Kwa kona, nguvu ya kugeuza mat inatoka kwa tairi zikishika lami. Dere akiongeza spidi mara mbili, kona inadai nguvu mara nne. Tairi zikikosa hiyo nguvu, mat haikati kona. Na mzigo mzito kwa keria unafanya iwe rahisi kupinduka.

Newton alidedi 1727, mzee wa miaka 84. Wewe bado uko na yako mbele. Dere akifukuza kwa mteremko wa Nithi, mwambie apunguze. Usione haya.