De Lesseps na mlango aliowafungulia samaki

Tasi tunayemfurahia Malindi na Kilifi, jamaa zake ni balaa katika Bahari ya Kati. Leo namtaja aliyewafungulia njia.

Ferdinand de Lesseps, Mfaransa, alizaliwa mwaka 1805. Hakuwa mhandisi, alikuwa mwanadiplomasia aliyewahi kufanya kazi Misri. Mwaka 1854 Said Pasha, aliyejuana naye tangu ujana wake, alimpa kibali cha kuchimba Mfereji wa Suez. Kazi ilianza 1859, na maelfu ya Wamisri wakachimbishwa kwa nguvu. Mfereji ukafunguliwa Novemba 1869. Baadaye alijaribu Panama akashindwa, kampuni ikafilisika, naye akahukumiwa mahakamani. Alifariki 1894.

Meli zilipata njia ya mkato, na samaki nao wakapita. Mwanzoni chumvi kali ya Maziwa Machungu iliwazuia, ilipopungua, wakavuka. Sasa tasi wanamaliza mwani wa huko, na bunju mwenye sumu anakata nyavu za wavuvi. Wataalamu wameupa uhamaji huo jina la Lesseps.

Yeye hakukusudia hayo. Lakini sisi tumeshaona. Meli zinazotia nanga Mombasa na Lamu hubeba maji ya kuziweka sawa, na ndani yake huwamo mayai ya viumbe wa mbali. Nasema maji hayo yakaguliwe kabla ya kumwagwa, na mvuvi akinasa samaki asiyemjua aiarifu BMU yake mapema. Mgeni wa baharini akishazaliana, hafukuziki.