Munganga Aliyechechemea: Maisha ya William John Little



Hapa Bigo, mjini Bunia, tunawafahamu wamama wanaofika ibadani wakibeba mgongoni mtoto wa miaka sita au saba. Miguu yake imekakamaa na kupishana kama mikasi. Mama hukaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kwa sababu majirani wamekwisha kuhukumu: ni laana, ni uchawi, ni dhambi yake. Kwa ajili ya wamama hao tunasimulia leo maisha ya mtu mmoja.

William John Little alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1810. Alipokuwa mtoto mdogo alishikwa na polio. Mguu wa kushoto ukadhoofika na wayo ukapinda ndani. Shuleni wenzake walimcheka kwa kuchechemea kwake, wakamwita bata kilema.

Alisomea udaktari, huku akitafuta dawa ya mguu wake mwenyewe. Wakubwa wake walimshauri asipasuliwe, maana siku zile vidonda vya upasuaji vilioza na kuua wengi. Kisha akapata habari za munganga Louis Stromeyer wa Hanover, Ujerumani, aliyekata kano ya kisigino kupitia tundu dogo tu la ngozi. Little alisafiri mpaka kwake, na mwaka 1836 akakubali kukatwa. Wayo ulinyooka.

Angeweza kushukuru na kuendelea na maisha yake. Lakini alijifunza kazi hiyo, akarudi London, akawatendea wengine alivyotendewa. Mwaka 1840 ilifunguliwa hospitali aliyoianzisha kwa ajili ya wenye viungo vilivyopinda.

Huko aliwaona watoto wengi ambao miguu haikuwa imelegea kama ya polio, bali imekaza. Kwa miaka mingi aliandika namna kila mmoja alivyotembea, na akauliza habari za kuzaliwa kwake. Majibu yalifanana: uchungu uliochukua muda mrefu, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, mtoto aliyekawia kulia na kupumua. Mwaka 1861 aliwaeleza waganga wenzake wa London kwamba shida hiyo yaweza kutokana na ubongo kuumia wakati wa kuzaliwa. Kwa muda mrefu iliitwa ugonjwa wa Little. Leo wengi huiita mtindio wa ubongo.

Hakuona yote. Waliomfuata walionyesha kwamba ubongo waweza kuumia pia tumboni, au baadaye kwa malaria kali, homa ya uti wa mgongo au umanjano wa mtoto mchanga. Little alifariki mwaka 1894, huko Kent.

Wapendwa, wanafunzi wa Yesu walimwuliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, naye alikataa swali lenyewe. Na sisi tuliache. Tumsindikize mama mwenye mimba kwenye kituo cha afya mapema, uchungu usimkute njiani. Mtoto asiyekaa wala kusimama kwa wakati wake, tumpeleke kwa munganga tusingoje. Mazoezi yakianza mapema humsaidia, ingawa hayaponyi ubongo. Na Jumapili ijayo, mama yule akifika mlangoni, mmoja wetu asimame, ampokee mtoto, awaketishe mbele.