George Baker (daktari)

Sir George Baker (1722 – 1809) alikuwa daktari wa Uingereza aliyegundua kwamba ugonjwa wa tumbo uliowatesa watu wa wilaya ya Devon ulitokana na madini ya risasi ndani ya kinywaji chao. (Ndiyo risasi ile ile iliyolipa jina lake kombora la bunduki.)

Maisha

Alizaliwa Modbury, Devon, mtoto wa kasisi wa parokia. Alisoma Eton na Chuo Kikuu cha Cambridge, akafanya kazi Stamford kabla ya kuhamia London. Alipewa cheo cha baroneti mwaka 1776, akawa daktari wa mfalme George III, na kati ya 1785 na 1795 alichaguliwa mara tisa kuwa rais wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari.

Ugonjwa wa Devon

Watu wa Devon walikunywa sana pombe ya matofaa. Vibarua wa mashambani waliipata kama sehemu ya ujira. Wengi walipatwa na msokoto mkali wa tumbo, wakakosa choo, na baadhi yao walipooza mikono. Kabla ya Baker, daktari John Huxham alidhani kisa ni uchachu wa kinywaji chenyewe.

Baker aliuliza swali rahisi: mbona watu wa Herefordshire, ambao nao ni wanywaji wa pombe hiyo hiyo, hawaugui vile? Alipochunguza mitambo aliona tofauti. Huko Devon mawe ya kusagia na kukamulia matofaa yaliunganishwa kwa risasi iliyoyeyushwa, na nyufa zikazibwa kwa risasi. Herefordshire haikuwa na desturi hiyo. Kisha akatia kemikali yenye salfa katika pombe za pande zote mbili: ya Devon ikageuka nyeusi, dalili ya risasi, na ile nyingine haikugeuka. Benjamin Franklin, aliyekuwa London wakati huo, alimweleza pia habari za watu wa Marekani waliougua kwa kunywa ramu iliyopikwa kwa vyombo vya risasi.

Kwa hiyo Huxham hakukosea kabisa. Asidi ya matofaa ndiyo iliyoyeyusha risasi, lakini asidi peke yake haikuwa sumu.

Upinzani

Insha yake ya mwaka 1767 iliwaudhi watu wa kwao, kwani biashara ya pombe ilikuwa riziki ya wengi. Daktari Francis Geach wa Plymouth na kasisi Thomas Alcock waliandika kumpinga. Hata hivyo risasi iliondolewa polepole mitamboni, na ugonjwa ukapungua hata ukatoweka.

Elimu ya baadaye

Baker hakuweza kujua risasi hufanya nini ikishaingia mwilini. Leo inajulikana kwamba mwili huipokea kama kalisi na kuihifadhi mifupani kwa miaka mingi. Tumbo tupu hufyonza risasi nyingi zaidi kuliko tumbo lenye chakula, na watoto wenye upungufu wa madini ya chuma au kalisi huathirika zaidi. Kibarua aliyekunywa pombe hiyo shambani kabla ya kula alikuwa basi katika hatari kubwa kuliko bwana wake aliyeinywa mezani pamoja na chakula.